Mvua Haiulizwi kwa Bibi Yako

Wana wa Itilima! Nawaandikia ninyi wa Lagangabilili, na wa Bariadi mjini, na Dutwa, na Nkololo, na ndugu zenu wa Maswa na Meatu, mnaosali kwa Kiswahili kanisani na kulia kwa Kisukuma msibani. Nawaandikia kabla mvua hazijaanza, kwa sababu mvua zikichelewa kuna mtu atatafutwa. Mnamjua. Anakaa peke yake. Wanawe wamehamia Geita au Katavi wakifuata ardhi na malisho. Macho yake ni mekundu. Kabla hamjafika mlangoni kwake, nisikieni.

Kuna watu wanaodhani kwamba babu zetu waliishi gizani, wakiogopa kila kichaka, mpaka misheni ilipofika. Sivyo. Babu zetu walikuwa na elimu ya mbingu. Alfajiri mzee wa kaya alitoka nje, akaelekea mashariki, akatema mate ya baraka mbele ya jua linalochomoza, akawaombea watoto, ng'ombe na shamba. Mabaya aliyaagiza magharibi, yakazame huko pamoja na jua. Lyuba, jua, lilikuwa mojawapo ya majina waliyomwitia Aliye Juu. Walimwita pia Liwelelo, ulimwengu wote na mwenye ulimwengu. Walimwita Seba, bwana mwenye kumiliki. Ndugu zetu Wanyamwezi walimtaja Likube aliye juu, na Limatunda aliyeumba. Mwaka 1965 mtafiti Berta Millroth alichapisha huko Uppsala, Sweden, kitabu kizima kuhusu dini ya Wasukuma, na jina alilokipa ni hilo hilo: Lyuba.

Tazameni ukubwa wa imani hiyo. Vile vibanda vidogo vya uani vilikuwa vya masamva, wazee waliotangulia, waliopewa pombe na unga na kuulizwa habari za ukoo. Mwenye ulimwengu hakuwa na kibanda. Hakuchongwa mti wala jiwe. Nani angemchonga? Angewekwa wapi?

Na tulikuwa na wenzetu. Wamaasai, jirani zetu ng'ambo ya Serengeti, walimjua Enkai mweusi wa mawingu ya mvua na neema, na Enkai mwekundu wa ukame na hasira, wakauelekea Oldoinyo Lengai kuomba. Wairaqw wa Mbulu walimwita Looaa, mama aliye katika jua, mwema, na wakaogopa neetlangw, pepo wa mitoni na chemchemini. Wahaya walimpa Mugasha ziwa na dhoruba zake. Kila mmoja alipoinua macho aliona nguvu zisizokaa mkononi mwa binadamu: jua, radi, maji, upepo, ardhi. Wakazipa majina, wakaziheshimu, wakazitetemekea.

Mimi ni mhubiri wa Injili na sitawaita mrudi kulisujudia jua. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba jua liliwekwa siku ya nne, baada ya nuru, baada ya bahari, baada hata ya majani ya kondeni. Ni kiumbe mwenzetu. Lakini Paulo alipofika Athene na kukuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana, hakuitukana. Alianzia hapo hapo kuhubiri. Nami naanzia hapo alfajiri, kwa yule mzee aliyeelekea mashariki, kwa maana yeye alijua jambo moja ambalo sisi wenye Biblia mkononi na simu mfukoni tumelisahau: mbingu ni za Mwenyewe, na hakuna mwanadamu anayezishika.

Sasa sikilizeni mvua ilikuwa kesi ya nani.

Katika utemi wa zamani, mvua ilikuwa mzigo wa ntemi. Ndiyo maana alitawala. Aliwaweka watengeneza mvua, alisimamia dawa ya mbegu kabla ya kupanda, na afya ya mwili wake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi. Mvua zikikataa, banamhala, wazee wa nchi, walimgeukia yeye. Utawala wako una nini? Umevunja mwiko gani? Umedhulumu nani? Na zikizidi kukataa, ntemi aliweza kuvuliwa kiti na kufukuzwa nchini, yeye na ngoma zake. Utaratibu huo ulikuwa mkali, na sisemi kwamba zama zile zilikuwa peponi; walikuwepo waliofukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na wengine walitendwa vibaya zaidi. Lakini oneni mahali swali lilipoelekezwa kwanza. Liliwekwa mlangoni kwa mwenye nguvu, mwenye ng'ombe wengi, mwenye askari na wanyampala. Mbingu zilipofunga, mkubwa ndiye aliyetetemeka.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria. Sina ugomvi na hilo. Nchi huru ilitaka raia walio sawa. Lakini lile swali la mvua halikufutwa na sheria. Lilibaki linatangatanga kijijini bila mwenyewe, na tulipolichoka tukalibeba, tukalipeleka kwa mtu asiyeweza kutufukuza. Tukalipeleka kwa mjane.

Serikali ilihesabu. Kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, ile ambayo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Narudia kwa uchungu: katika nchi iliyojaa makanisa, nchi ya Nassa, ambako misheni ilikuwepo tangu karne ya 19, nchi yenye Biblia kwa lugha yake ya mama! Sisi ndio tuliofanya hivyo. Miongoni mwa waliokwenda usiku na panga walikuwemo waliobatizwa, na miongoni mwa waliowatuma walikuwemo watoa sadaka.

Baadaye tukaona mengine. Watu wenye ualbino, watoto wa watu, wakawindwa kwa sababu mganga fulani alimwambia mchimbaji au mvuvi kwamba bahati imo katika mifupa yao. Nchi ya watu waliomwomba Aliye Juu kwa mate ya kinywani ikawa nchi ya watu wanaonunua mkono wa mtoto. Ee Seba, tumeshukaje mpaka hapa?

Nendeni kwenye Wafalme wa Kwanza, mlango wa 17, msome tena polepole. Ukame miaka mitatu. Watu wanamlilia Baali, ambaye Wakanaani walimhesabu kuwa bwana wa radi na mvua. Katika ukame huo Mungu anamtuma Eliya wapi? Kwa mjane. Mjane maskini wa Sarepta, mgeni wa kabila lingine, amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni mbili ale na mwanawe kisha wafe. Nabii mzima wa Israeli aliokolewa na jiko la mwanamke huyo. Na lawama ya ukame, Eliya aliipeleka kwa nani? Kwa Ahabu, mfalme, usoni pake, wala hakumung'unya maneno. Maandiko na banamhala wetu wanakubaliana hapa. Mbingu zikifunga, aulizwe anayetawala, na mjane apelekewe unga.

Lakini wapo wanaoniambia, Mchungaji, hiyo ni mvua, je, radi? Radi inatumwa! Tumeona ikipiga nyumba moja na kuruka ya pili. Nami nawaheshimu kwa hofu yenu, kwa sababu upande huu wa Ziwa Victoria radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na kila mmoja wenu amezika mtu. Januari 2025 huko Bukombe, Mkoa wa Geita, radi iliwaua wanafunzi 7 wakiwa shuleni. Wazazi wale walirudishiwa miili badala ya madaftari. Mnataka niwaambie nani aliituma?

Nawaambia kinachotokea ndani ya wingu. Ziwa linapashwa joto na jua, hewa yenye mvuke inapanda juu sana mpaka maji yanaganda, vipande vya barafu vinagongana na kusuguana, umeme unajikusanya. Ukizidi, unatafuta njia ya kushuka, na unapenda kilicho juu na kilicho peke yake: mti wa uwanjani, bati lisilo na kinga, mchungaji wa ng'ombe katikati ya mbuga. Njia yake inafikia joto la nyuzi 30,000 za Selsiasi, karibu mara 5 ya uso wa jua. Na mnasema bibi wa miaka 70, ambaye hana nguvu ya kuinua ndoo ya maji, ameishika hiyo mkononi na kuirusha? Mnampa bibi uwezo ambao babu zenu walimpa Mwenye ulimwengu peke yake! Hiyo ni ibada ya sanamu, ndugu zangu, na ni mbaya kuliko ile ya Wakanaani, maana Wakanaani walimsujudia Baali wao. Ninyi mnamkatakata wenu.

Na jua? Liko umbali wa kilomita milioni 150. Dunia zaidi ya milioni moja zingeenea ndani yake. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Likishuka kusini mwishoni mwa mwaka unatupitia, likirudi kaskazini unatupitia tena. Yule mzee aliyeliangalia jua alipotaka mvua alikuwa ameelewa mengi. Kisha kuna bahari. Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ikipata joto kupita kawaida, mvua humwagika, kama mwishoni mwa 1997 mwaka wa El Niño, madaraja yalipokwenda na maji. Upande wetu ikipoa, vuli hukonda, na mahindi yenu yananyauka yakiwa urefu wa goti. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka Lagangabilili. Bagikulu, bibi zetu wazee, wengi wa vijijini kwenu hawajaiona hata siku moja. Nionyesheni bibi aliyeipoza.

Bwana wetu aliulizwa swali hili hili. Walimletea habari za vifo, wakitaka awape mwenye kosa. Akawakumbusha mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 na kuwaua, akawauliza kama hao walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: hapana. Luka 13, someni. Njiani alimwona kipofu wa kuzaliwa, wanafunzi wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akakataa swali lenyewe, akatema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni. Na kuhusu jua na mvua alisema wazi, katika Mathayo 5, kwamba Baba huvigawa kwa wema na waovu bila kubagua. Basi hata kama jirani yako ni mwovu kweli, mvua yako haiko kwake.

Mtu asidhani haya ni ya Wasukuma pekee, au ya Waafrika pekee. Mwaka 1562, katika mji mdogo wa Wiesensteig, Ujerumani, mvua ya mawe iliangamiza mazao. Wakristo wale, wenye makanisa ya mawe na wachungaji waliosoma, walitafuta wanawake. Waliwaua zaidi ya 60. Mazao hayakurudi, na miaka ya baridi kali iliendelea na moto ukaendelea kuwashwa mji kwa mji. Kanisa liliwahi kuwa upande wa waliowasha moto. Ndiyo sababu sitaki kanisa la Itilima linyamaze. Ukimya wetu unahesabiwa.

Mnakumbuka hadithi tuliyosimuliwa usiku, ya Shing'weng'we? Jitu la mwanzo wa ulimwengu, lililomeza watu wote na ng'ombe wote mpaka nchi ikawa kimya. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akazaa Masala Kulangwa. Kijana akakua, akauliza, mama, watu wako wapi? Akaenda akiua mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama alimwambia bado, si huyu, mpaka akalikuta jitu lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na ulimwengu wote ukatoka ukiwa hai. Mapadri na makatekista wa Usukuma wamemhubiri Kristo kwa hadithi hiyo, nao wamefanya vema.

Lakini wengi mnasimulia mkiishia hapo, mnaacha kipande cha mwisho. Alipokuwa akipasua tumbo, kisu kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwa ndani. Ajuza akakasirika, akataka kumdhuru. Kila kitu kilikuwa tayari kwa mauaji: yuko bibi, yuko hasira, wapo watu wengi wanaomshangilia kijana, na uchawi unatajwa. Masala Kulangwa akafanya nini? Alitafuta dawa, akamtibu sikio lake. Ndipo akawa ntemi wa wote. Aliyelishinda jitu lililomeza ulimwengu hakuona aibu kumhudumia bibi mwenye hasira. Na usiku wa Gethsemane, mtumishi wa kuhani mkuu alipokatwa sikio kwa upanga, Bwana Yesu aliyekuwa anakamatwa alinyosha mkono akaliponya. Vijana wa Itilima, basumba mliobeba marungu ya sungusungu, hadithi mliyopewa na bibi zenu iliwafundisha haya kabla hamjajua kusoma! Iweje muikumbuke sehemu ya kisu na kuisahau sehemu ya dawa?

Sasa nije kwenye mambo ya mikono yetu, maana mbingu si zetu lakini udongo tumepewa.

Nchi hii ilikatwa miti kwa amri na kwa tamaa. Tangu miaka ya 1920 Waingereza walifyeka misitu ya Shinyanga kupambana na mbung'o. Pamba ikafuata, ng'ombe wakaongezeka, vijiji vikahamishwa miaka ya 1970, na upepo ukachukua kilichobaki. Hakuna mchawi hata mmoja katika orodha hiyo. Na oneni lililotokea watu walipoacha kutafuta mchawi wakatafuta mti. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudi kwenye desturi yetu wenyewe ya ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vijifufue. Kufikia 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefungwa na kufufuka katika vijiji zaidi ya 800. Dawa za mitishamba zikarudi, kuni zikarudi, ndege wakarudi. Babu aliyebuni ngitili alikuwa mcha Mungu. Alimwachia Mwenyewe mvua, akashika uzio. Leo wapo wanaozifungua ngitili hizo kwa trekta na moto ili wapande pamba ekari mbili zaidi, na ukame ukija watakwenda kupiga ramli.

Na yale macho mekundu! Nani asiyejua yametoka wapi? Kuni zimekwisha, mama anapikia mavi ya ng'ombe na miti ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka 50. Moshi umemla macho, na vikope visivyotibiwa vimemalizia. Yale macho yalikuwa yanakupikia wewe ugali na mlenda. Wekundu ule ni hesabu ya vyakula ulivyokula. Mtoto aliyelishwa na moshi huo anakuja mtu mzima kuuita ushahidi!

Nawaamuru katika jina la Bwana. Mganga akikutajia jirani yako, ondoka mkekani hapo hapo, usimlipe, nenda kwa mtendaji wa kijiji na polisi ukamtaje yeye. Kama umeshapokea fedha ya kwenda usiku kwenye nyumba ya mtu, irudishe leo, uje kwetu, tutakwenda nawe kituoni tukikushika mkono. Kama umepanga hayo kwa ajili ya shamba la marehemu baba yako, ambalo mama mdogo analima, ujue kwamba Mungu anaona shamba ndani ya maneno yako ya uchawi, nasi tunaliona. Mwenye bati, mjengee mama yako jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi kabla hujanunua pikipiki ya pili. Shule na makanisa, wekeni kinga ya radi kwanza na vipaza sauti baadaye. Mawingu yakikusanyika, ingizeni watoto ndani, tokeni chini ya mti.

Ninyi wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa wa Itilima yote nawaomba jambo moja mwaka huu. Zamani ntemi alizitengeneza mbegu kabla ya nchi kupanda. Jumapili ya mwisho kabla ya kupanda, kila kaya ilete mbegu kanisani: mtama, mahindi, pamba, choroko. Waiteni bagikulu wote, wa kanisa lenu na wasio wa kanisa lenu, na hasa yule anayesemwa. Waketisheni mbele, mahali pa wageni wa serikali. Mbegu ziwekwe mapajani mwao, wao waziombee mbele ya mkutano wote kwa lugha yao, na vijana wenye marungu wapige magoti wapokee mbegu kutoka mikononi mwao. Asiyeweza kutembea afuatwe kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ibada isianze mpaka wamefika.